Simu ilinipeleka kwa daktari wa meno, simu hiyohiyo nusura inirudishe!

Mpenzi msomaji, kama umewahi kwenda kwenye harusi ya dada yako wa tumbo moja, ukapigwa picha weee, na katika zote hizo hakuna hata moja uliyocheka, basi wewe na mimi ni ndugu. Yangu yanakuhusu.

Mimi nilikuwa na meno. Najua kila mtu ana meno, lakini yangu yalikuwa na haraka. Nikiingia mahali, yenyewe yameshafika. Yale manne ya mbele, juu, yalitoka nje, na chonge zangu mbili zilikosa nafasi zikapanda juu ya wenzao kama abiria wa jioni anayening'inia kwenye mlango wa daladala. Shule ya msingi, pale Tabata, wavulana walinibatiza jina la Opena. Kama hujui opena ni nini, ni kile kidude cha kufungulia soda. Mwalimu akitoka tu darasani, mtu anakuja na chupa yake: "Opena, tusaidie." Darasa zima hoi kwa kicheko, na mimi nacheka nao, mkono mdomoni.

Mkono huo ulikaa mdomoni karibu miaka ishirini. Nikasoma nao, nikapata nao kazi. Ni ofisi ya kutoa mizigo bandarini, mimi niko mapokezi. Wateja wakaanza kunong'ona kwamba yule dada wa mapokezi ana maringo, hata kutabasamu anaona tabu. Laiti wangejua! Maringo niyatoe wapi, na mdomo siwezi kuufungua?

Sasa utaniuliza, ulikuwa wapi siku zote usiende kwa daktari? Nilikwenda. Mwaka 2016 gego lilinisumbua wiki nzima, nikaenda kulitibu. Daktari akaniangalia mdomoni, akasema kwa upole, "Binti, meno yako haya yanapangika. Ukivaa waya, yatarudi ndani." Nikamwambia ahsante, nikalipa, nikaondoka. Sikuuliza hata swali moja. Siyo kwamba sikumwamini. Ila wakati ule waya wa meno kwangu ulikuwa kama plasta ya hogo. Ni kitu cha mgonjwa, na tena cha mtoto. Nilikuwa na miaka 21. Mtu mzima mwenye meno ya Opena, halafu juu yake apigiliwe vyuma? Si ndiyo watasema opena imepata na kutu!

Na nyumbani nako kulikuwa na Mama.

Mama yangu ni mwanamke wa kawaida, mcheshi, anauza vitenge. Lakini ukitaja meno, anabadilika. "Meno hayachezewi," ndiyo kauli yake. Mengine hasemi. Sisi watoto tulidhani ni ushamba tu, kumbe lilikuwa na mzizi wake. Nitakuja huko.

Miaka ikaenda. Siku moja ya mwezi wa tatu, mwaka 2022, umeme umekatika, joto la Dar unalijua mwenyewe, nimejilaza na simu, bando likiwa linakaribia kuisha. TikTok hiyo. Nikakutana na msichana mmoja wa Kibrazili, sikuelewa hata neno analosema. Meno yake yalikuwa kama yangu. Mama yangu weee, kama yangu kabisa! Akapiga picha siku ya kwanza, akapiga ya pili, ya tatu, zikapita mfululizo kwa kasi na muziki nyuma, meno yakaanza kutembea. Yakarudi ndani yenyewe, chonge zikashuka, zikajipanga mstarini. Sekunde thelathini. Mwisho akaonyeshwa kioo, akalia.

Na mimi nikalia. Peke yangu, gizani, nalilia meno ya Mbrazili.

Nikairudia mara tano. Hapo ndipo nilipojimaliza, maana programu zile zinahesabu. Ukikaa muda mrefu kwenye video, inajua umependa, inakuletea ndugu zake. Kufika Jumapili simu yangu ilikuwa hospitali ya meno. Wahindi, Wamarekani, Wakenya, na mmoja wa hapahapa Dar, dada wa miaka 31, anaongea Kiswahili cha mitaa yetu, ana waya mdomoni na anacheka bila kuziba. Tena alikuwa anachagua rangi ya vile vimpira vinavyoshikilia waya, mwezi huu zambarau, mwezi ujao kijani. Chini watu wanamwagia sifa, "dada umependeza," "nami nataka."

Nimelifikiria sana jambo hili tangu hapo. Daktari wa 2016 alinieleza ukweli kwa mdomo wake, hakunishtua. Binti nisiyemjua, kwa lugha nisiyoijua, alinitoa kitandani. Kwa nini? Naona ni kwa sababu daktari alizungumza na meno yangu, yule dada alizungumza na aibu yangu. Mimi sikuwa naogopa maumivu. Nilikuwa naogopa kutazamwa. Nilipomwona mtu mzima, Mswahili mwenzangu, ana vyuma mdomoni na watu wanamsifia, ule waya ukaacha kuwa ugonjwa, ukawa pambo. Daktari gani angeweza kunifanyia hivyo kwa dakika kumi za ofisini?

Kwa hiyo siku nitakayosikia mtu anasema video za simu hazina maana, nitambishia. Mimi ziliniinua.

Jumatatu hiyohiyo nikaomba ruhusa kazini, nikatafuta kliniki yenye daktari bingwa wa kupanga meno. Nilimkuta mama mmoja wa makamo, miwani puani, mpole. Nikakaa kwenye kile kiti, na kabla hajaniambia nipanue mdomo nikamtolea simu. "Daktari, nataka hii."

Akaitazama mpaka mwisho. Akacheka, lakini si kwa dharau. "Vijana wengi siku hizi mnakuja na simu mkononi. Zamani nilikuwa nawabembeleza wavae, siku hizi nawabembeleza watulie. Haya, panua mdomo tuone ya kwako."

Akaniuliza kama nilikuwa nanyonya kidole. Nikaona aibu, nikakubali. Nilinyonya dole gumba mpaka darasa la tatu, Bibi alinipaka shubiri mpaka akachoka. Akasema mara nyingi kidole hicho ndicho kinachosukuma meno ya juu yatoke nje, mtoto akizidi kukinyonya wakati meno ya utu uzima yanaota. Akanipiga picha za eksirei, akachukua na umbo la taya langu. Halafu akanieleza mambo ambayo Mbrazili hakunieleza.

La kwanza, jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa na nyuzi laini. Waya ukilisukuma taratibu, upande linakoelekea mfupa unaliwa, na upande linakotoka mwili unajenga mfupa mpya. Kazi hiyo anaifanya fundi aliyemo mwilini mwako, waya unamwelekeza tu. Na fundi huyo hana haraka, mwendo wake ni kama milimita moja kwa mwezi. Ukimlazimisha kwa nguvu, mzizi wa jino unaweza kulika.

La pili, yangu yangechukua kama miaka miwili. Baada ya hapo kuna kifaa cha kushikilia meno, wanakiita ritena, nacho ni cha kuvaa kila siku mwanzoni, halafu usiku kwa miaka na miaka. Meno yana kumbukumbu, ukiyaachia yanarudi kwao.

La tatu ndilo lililonipeleka nyumbani mbio. "Mdomo wako hauna nafasi," alisema. "Ili haya ya mbele yarudi ndani na chonge zishuke, itabidi tung'oe magego madogo mawili ya juu, moja kila upande."

"Mazima?"

"Mazima."

Gharama ilikuwa Sh 2,600,000. Laki sita za kuanzia, halafu 80,000 kila mwezi kwa miezi 25. Kwa mshahara wa mapokezi, fikiria mwenyewe. Lakini siwadanganyi, si hela iliyonitoa jasho. Ni yale magego mawili. Nimeangalia video labda mia, hakuna hata moja iliyong'oa jino!

Nilipofika nyumbani nikafanya kile ambacho kila mmoja wetu anafanya. Nikaiuliza simu. Kosa! Nilipoandika tu habari ya kung'oa jino kwa ajili ya waya, programu ikageuka. Wiki iliyopita ilikuwa inaniimbia, sasa ikawa inanitisha. Huyu anasema aling'olewa meno manne na uso wake ukabonyea. Yule anasema fizi zimerudi nyuma. Mwingine anapiga kelele kwamba madaktari ni wezi, meno yanapangika kwa kusukuma na ulimi nyumbani, bure. Kila nikitazama moja zinakuja kumi. Siku ya nne nikampigia simu yule mama daktari, nikasema naahirisha. Hakunigombeza. Alisema tu, "Sawa, ukiwa na swali lolote njoo, kuuliza hakuna malipo."

Ona sasa. Simu iliyonipeleka ndiyo iliyonirudisha. Na mara zote mbili sikuwa nimemuuliza mtu hata mmoja aliyeuona mdomo wangu.

Hapo katikati ndipo yakatokea ya shoga yangu.

Shoga yangu huyu anakaa Mbagala, mrembo kupita maelezo, na ana mwanya. Au niseme alikuwa nao. Wewe unajua kwetu mwanya ni kitu gani. Bibi zetu wakiona mtoto wa kike ana mwanya wanapiga vigelegele, watu wameimbiwa taarabu na kulipiwa mahari nono kwa ajili ya mwanya. Lakini shoga yangu alikuwa anaishi ndani ya simu, na huko kwenye simu meno yote yamebanana kama vigae. Akauchukia mwanya wake. Akaona video ya msichana mmoja, sijui wa wapi, anachukua kampira kadogo, kale ka kufungia nywele wakati wa kusuka, anakazungusha kwenye meno mawili ya mbele, analala nako. Baada ya siku chache mwanya umefunga. Gharama yake, mpira wa shilingi ngapi vile?

Akafanya. Na ukafunga kweli! Hilo ndilo linaloua, ingekuwa haufungi watu wangeacha. Akapiga video yake mwenyewe, watu elfu kumi na nne wakaitazama. Mimi mwenyewe niliipenda, nikamwandikia "shoga umetisha". Aliniambia asubuhi moja aliamka kampira hakapo, akadhani kamedondoka usingizini, akafurahi kwamba kazi imekwisha.

Kumbe hakakudondoka. Jino lina umbo la karoti, huku juu pana, kule mwisho jembamba. Mpira ukibana unateleza kuelekea kwembamba, unaingia chini ya fizi, unapanda mzizi kimyakimya huku unakata zile nyuzi zinazolishika jino. Baada ya wiki kadhaa fizi ikavimba, ikawa inatoa usaha. Meno mawili ya mbele yakawa yanarefuka na kucheza. Nilimpeleka mwenyewe kwa yule mama daktari wangu, maana yeye alikuwa analia hajui aende wapi. Daktari aliinua fizi akautoa mpira. Aliuweka kwenye kisahani cha chuma, ukalia tiki. Kitu kidogo vile.

Jino moja waliliokoa kwa kulifunga na wenzake kwa waya. Jingine halikupona. Lilitolewa siku ileile, na halikuwa na tatizo lolote, halina tundu, halijawahi kuuma. Msichana wa miaka 25.

Jioni nilimsindikiza mpaka kwao, kajifunga mtandio mdomoni. Nikafungua ukurasa wake. Ile video ya mpira bado ipo, watu wanaendelea kumiminika, kuna binti ameuliza, "dada, unalala nao siku ngapi?" Nikamwambia shoga yangu, ifute. Akaifuta. Nikamwambia basi piga nyingine, waambie yaliyokupata. Akanitazama. "Nionekane hivi?"

Sikumlaumu. Nimeziba mdomo wangu miaka ishirini, nimlaumu vipi? Lakini ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa sikioni. Tunachokiona kwenye simu kimepita kwenye chujio. Aliyefanikiwa anapiga video. Aliyeharibikiwa anajifunga mtandio. Na aliye katikati, ambaye ndiye mgonjwa hasa, mwenye vidonda vya mdomo na uji kikombeni, huyo hana cha kuonyesha.

Wala si Mbagala peke yake. Kule Marekani kulikuwa na kampuni iliyoitwa SmileDirectClub, ilianzishwa mwaka 2014, ikitangaza sana mitandaoni vifaa vya plastiki vya kupanga meno. Unaletewa nyumbani kwa posta, hakuna kukaa kwenye kiti cha daktari kila mwezi. Ilipofika Desemba 2023 ikafunga milango, na wateja waliokuwa katikati ya matibabu wakaachwa njia panda na meno yao nusu safari. Hao ni Wamarekani, wenye kila kitu!

Siku iliyofuata nikamweleza Mama yote. Ya shoga yangu, ya kwangu, na ya magego mawili. Nilitegemea ile kauli yake. Badala yake alikaa kimya, akaacha kukunja vitenge, akasema, "Umeona lile jino la kaka yako?"

Kaka yangu alizaliwa mwaka 1991. Ana chonge moja ya juu iliyoota vibaya, ndogo, ya rangi ya kahawia. Siku zote tuliambiwa alianguka utotoni. Hakuanguka. Alipokuwa na miezi minane alishikwa na homa na kuhara, na wakati ule mtaani kulikuwa kumevuma habari ya meno ya plastiki. Walio na umri wanaikumbuka. Ilisemekana mtoto anaota meno laini meupe ndani ya fizi, yasipong'olewa atakufa. Jirani akamshika Mama mkono wakaenda kwa mtaalamu wa mtaani. Mtaalamu akampasua mtoto fizi kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, akatoa vitu vyeupe vidogo, akawaonyesha. "Si mmeona? Plastiki hizo."

Zilikuwa chonge zake za utoto, changa, ambazo hazijatoka. Madaktari wamesema na kusema, hakuna jino la plastiki, ile homa na kuhara vina sababu zake nyingine. Na ukichokonoa pale unaweza kulidhuru hata jino la utu uzima lililoko nyuma yake. Kaka aliponea tundu la sindano, fizi ilioza, akalazwa hospitali wiki mbili. Wenzake wengine hawakurudi.

"Sikuwa mjinga," Mama alisema. "Nilikuwa naogopa. Na yule jirani alikuwa na mifano, fulani alipona, na fulani alipona. Mwanangu, mimi siku ile nilimsikiliza kila mtu nisimuulize daktari. Wewe una daktari, unayeweza kumuuliza bure, unakimbilia kuwauliza watu wa kwenye simu?"

Akaongeza, "Ukiona vyaelea, vimeundwa. Twende ukamuulize vinaundwaje."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye kuhusu waya. Kumbe siku zote hizo hakuwa anakataa meno yapangwe, alikuwa anakataa yachezewe. Nami sikuwahi kumuuliza tofauti.

Tukaenda wote. Jamani, Mama yangu anauliza! Alimuuliza daktari kwa nini jino zima ling'olewe. Akamuuliza kuna njia nyingine isiyo ya kung'oa. Uso utabonyea? Fizi je? Nani atakayekuwa anabadilisha waya, wewe au msaidizi? Ukisafiri? Daktari alitoa picha zangu za eksirei akazipandisha kwenye taa, akapima kwa rula mbele yake. Alisema wapo ambao hawahitaji kung'oa, lakini kwangu milimita zinazohitajika hazimo, na akizilazimisha atayasukuma meno yatoke nje zaidi ya mfupa, ndipo fizi zirudi nyuma. Hivyo yule aliyelia kwenye video kuhusu fizi zake labda alisema kweli. Ila ulikuwa mdomo wake, si wangu.

Juni 2022 nikang'oa magego mawili, wiki mbili baadaye nikafungwa waya. Sikuwadanganya kwamba ni raha. Wiki ya kwanza nilikunywa uji na supu kama mzazi. Vyuma vilinichubua mashavu mpaka nikapewa nta ya kupaka juu yake. Kusugua meno ikawa kazi ya robo saa, kila baada ya kula, maana chakula kikikaa pembezoni mwa vile vyuma kinaacha madoa meupe yasiyofutika. Soda nikaiaga. Opena bila soda, cheka mwenyewe.

Lakini gumu kuliko yote lilikuwa mwezi wa tano. Hapo mapengo ya magego yanaonekana kama geti lililoachwa wazi, chonge zimeshuka nusu, meno ya mbele yamelegea kidogo na yamekaa upande. Nilikuwa mbaya kuliko siku niliyoanza! Nikarudi kumtafuta yule Mbrazili kwenye simu. Nikaisimamisha video yake, nikaivuta polepole picha kwa picha. Na yeye mwezi wa tano alikuwepo, msomaji wangu. Alikuwepo kwa nusu sekunde. Kabinti kamenuna, kana mapengo, kanatazama chini. Nilikuwa nimempita mara zote zile nisimwone.

Nikapata nguvu ya ajabu. Nikaiweka picha ile kwenye simu yangu.

Agosti 2024 daktari alivitoa vile vyuma. Miezi 26, kwa sababu katikati mfuko uliniangusha nikakosa zamu mbili. Msaidizi wake akaniuliza kama nataka kupigwa video, wote siku hizi wanapigwa. Nikakubali. Nikaangalia kioo na kweli nikalia, kama wao wote. Mama alikuwa pale kwenye benchi na vitenge vyake. Alinisogelea, akanishika mkono wa kulia ambao ulikuwa umeshapanda wenyewe kuziba mdomo, akaushusha.

Nikatengeneza video yangu. Ila mimi niliiweka dakika tatu. Nimeonyesha magego yangu mawili kwenye kikopo, nimeonyesha uji, nimeonyesha mwezi wa tano kwa sekunde ishirini nzima, na bei nimeitaja. Shoga yangu wa Mbagala, ambaye sasa amewekewa jino la bandia, alikubali sauti yake isikike akieleza habari ya mpira, uso hakutaka. Watu walioitazama ni 212. Wengi ni wa ofisini kwetu.

Ila katika hao, mmoja aliniandikia usiku, binti nisiyemjua. Aliuliza, "Dada, nina kampira kwenye meno tangu juzi, nikatoe?"

Nikamjibu, "Katoe sasa hivi, ukahesabu kako kazima. Kesho asubuhi nenda kwa daktari." Saa sita usiku akanitumia picha. Kampira kako kiganjani.

Haya, kwa leo niishie hapo. Ni saa ya kulala, na ritena yangu iko kwenye kikombe inanisubiri. Ukipita pale mapokezi kwetu ukamkuta dada anacheka mpaka gego la mwisho linaonekana, usiulize. Ndiye mimi.